Más au menos? Kihispania cha kumuokoa dogo na benchi

DOGO wa Kibongo akipata timu Hispania, kasi ya mpira sio kitu pekee kitakachombana. Lugha nayo inakaba. Farid Mussa alitoka Azam FC kwenda Tenerife, naye Mkenya Michael Olunga alipita Girona na kuipiga Las Palmas mabao matatu peke yake Januari 2018. Huko mazoezini kocha hasubiri mkalimani.

Akipiga kelele "más rápido", anataka kasi zaidi. Akisema "menos toques", punguza kugusa mpira. Ukichanganya "más" na "menos", benchi linakuita.

Cha kushukuru, hesabu zenyewe ni nyepesi. Kilichozidi kinabebwa na "más... que", kilichopungua ni "menos... que". Hadi 2024 Real Madrid ilikuwa na makombe 15 ya Ulaya, Barcelona 5. Kwa Kihispania: "El Madrid tiene más copas que el Barça." Shabiki wa Barca akilazimishwa kukiri, atasema: "El Barça tiene menos copas que el Madrid."

Ngoma ikiwa droo, ni "tan... como". Winga mwenye mbio sawa na mwenzake ni "tan rápido como" huyo mwenzake. Kwa vitu vya kuhesabika, mfano mabao, inakuwa "tantos goles como".

Mtego upo kwenye namba. Mwaka 2012 Lionel Messi alifunga mabao 91, akaipita rekodi ya Gerd Müller ya mabao 85 mwaka 1972. Hapo sio "más que", ni "más de": "Messi marcó más de 90 goles."

Neno la 'wingi' nalo linabadilika kama kwetu. Sisi tuna mabao mengi na faulo nyingi, wao wana "muchos goles" na "muchas faltas". Lakini "muy", yaani 'sana', haigeuki: "muy rápido", "muy rápida".

Mwisho, mchezaji mzuri ni "bueno", aliye bora zaidi ni "mejor". Mbovu ni "malo", mbovu zaidi ni "peor". Kwa hiyo ule ubishi wa vijiweni usioisha unaandikwa hivi: "Messi es mejor que Cristiano."

Wa upande wa pili ruksa kugeuza majina. Sentensi inabaki sahihi, ubishi unaendelea.