Nguo Hurudi, Kamba Hunenepa, Mkanda Hulegea

Katika Kiswahili husemwa kwamba nguo "imerudi" ikiwa imepungua baada ya kufuliwa. Watoto wa Machame, wasikiapo neno hili mara ya kwanza, huuliza, "Imerudi wapi?" Twaona swali lao lastahili jibu, maana mzazi anunuaye kitambaa cha sare akilijua ataokoa fedha yake.

Nyuzi za nguo ni namna mbili, mtande na mshindio. Jina la mtande latokana na kutanda, kwa kuwa nyuzi hizo hutandwa na kukazwa sana juu ya kitanda cha mfumi, kisha mshindio hupitishwa kati yake. Nguo ya pamba itokapo kiwandani mara nyingi ingali imevutwa. Ikiingia majini, nyuzi hulegea na kurudia hali yake ya kwanza; basi ni kweli, nguo imerudi kwao. Na kwa kuwa mtande ndio uliokazwa zaidi, nguo hupungua zaidi urefu kuliko upana. Kwa hiyo fundi mwenye busara hulowesha kitambaa, hukianika pasipo kukivuta, ndipo hupima na kukata. Asiyefanya hivyo huletewa suruali iliyopanda juu ya vifundo.

Kamba nayo hufupika, lakini si kwa kurudi. Tutazame katani, ambayo Dr. Richard Hindorf aliileta nchini mwaka 1893, miche 62 tu ikiokoka safarini. Nyuzi zake husokotwa pamoja. Zikinywa maji hunenepa, na kila uzi huhitaji njia ndefu zaidi kuwazunguka wenzake. Kwa kuwa wenyewe haurefuki, kamba nzima hufupika. Kwa sababu hiyo, amfungaye mbuzi kwa kamba kavu wakati wa masika aache nafasi shingoni, kitanzi kisije kikamkaba mvua inyeshapo usiku.

Mkanda wa ngozi wa cherehani ni kinyume: kwa kuvutwa kila siku hurefuka, wala haurudi. Ukilegea huteleza juu ya gurudumu. Mguu wakanyaga, sindano haiendi. Hapo fundi hukata kipande kidogo na kuunganisha tena kwa pini ya waya. Lakini asikaze kupita kiasi, maana miguu itachoka na chuma kitalika upesi.

Basi mkono usitangulie akili. Kabla ya kukata au kufunga, tujue kwanza kitu chetu ni cha kurudi, cha kunenepa, au cha kulegea.