Lenzi Pana kwa Nyumba za Lamu

Apigaye picha za zidaka katika nyumba ya kale ya Lamu hushindwa na ukuta ulio nyuma yake. Vyumba vile ni vyembamba, kwani upana wake wafuata urefu wa boriti za mikoko. Kwa milimita 18, hata nikijibanza, sipati ukuta mzima. Na nakshi za chokaa zikianguka, fundi atataka kuuona wote.

Kamera yangu ni Canon ya dijitali, ya kihisi kidogo, basi nilipima lenzi mbili za kuvuta. Ile ya 10 hadi 22, ya mwaka 2004, hupokea mwanga zaidi kidogo, ila ni gramu 385. Ya 10 hadi 18, ya mwaka 2014, ni gramu 240 na ina kituliza mtikisiko. Nilichukua hii. Zidaka hazitembei, kitikisikacho ni mkono wangu.

Arusini ni mambo mengine, huko watu hawatulii. Tena bibi arusi akiwa pembeni mwa picha, uso hutanuka kama embe dodo! Mweke katikati, ama uvute hadi 18.