Beseni, kanga na dakika chache: mazoezi ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupelekwa kliniki labda mara moja kwa mwezi, akakaa na mtaalamu wa fiziotherapia kwa muda mfupi. Siku zinazobaki yuko nyumbani, mgongoni kwa bibi au mkekani. Kwa hiyo anayestahili kufundishwa kuliko wote ni yule anayeshinda naye.

Mtindio hauambukizi, wala si mkosi wa ukoo. Ubongo mchanga huumia mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, akizaliwa njiti, akipata manjano kali isiyotibiwa mapema, au akiugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliendelei kukua, ila misuli hukaza na nyonga inaweza kuteguka taratibu.

Familia nyingi zikiambiwa mazoezi huelewa kuvuta miguu huku mtoto akilia. Kumvuta kwa nguvu kunaumiza, na kumnyoosha tu hakumfundishi kitu. Ubongo hujifunza mtoto mwenyewe anapojaribu jambo analolitaka, tena na tena.

Mkalishe ndani ya beseni la kufulia, umwegemeze kwa kanga zilizokunjwa pande zote, kisha weka mbele yake kikombe anachokipenda. Akikinyooshea mkono, shingo na mgongo navyo vinafanya kazi. Asiyekaza shingo alazwe kifudifudi, kanga iliyoviringishwa ikiwa chini ya kifua, na mtu akae mbele yake amwimbie ili ainue kichwa. Miguu ikipishana kama mkasi, mbebe kiunoni, mguu mmoja mbele yako na mwingine nyuma, kama bibi zetu walivyobeba watoto miaka yote.

Chakula nacho ni tiba, na hapa naomba tusikie vizuri. Kumlaza chali na kummiminia uji ni hatari, kwa kuwa uji unaweza kuingia mapafuni. Akae wima, kidevu kiinamie kifua kidogo, kijiko kitokee mbele, na apewe muda wa kumeza.

Wanaodhani ni lazima mama aache kazi zote wautazame utafiti wa Iona Novak na wenzake nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2009. Watoto wa umri wa shule wenye mtindio walifanya mazoezi nyumbani kwa wastani wa dakika 16 na nusu kila mara, kama mara 17 kwa mwezi, na uwezo wao ukaongezeka. Familia zilichagua zenyewe malengo, na naamini siri ipo hapo. Mama anayetaka mwanawe ashike kikombe atarudia zoezi hilo bila kusukumwa. Akipewa karatasi ya mazoezi asiyoyaelewa, ataiweka kabatini.

Kwa hiyo wataalamu, muulizeni mama anataka nini kwanza, na mkiweza mfike nyumbani mwone anapoishi. Akina baba, mtoto huyu ni wenu pia, shikeni beseni. Na wewe mzazi, mwanao akifikisha miezi minne bila kukaza shingo, miezi tisa bila kukaa, au akitumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, mpeleke kituo cha afya sasa. Usisubiri kwa sababu umeambiwa atakua tu.