Dawa ya Alsa na Dawa ya Magoti

Alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya duka moja la dawa mjini Runyenjes, kaunti ya Embu: shosho mwenye kiondo begani, kitambaa kichwani na noti ya mia mbili mkononi. "Daktari," alimwambia kijana wa kaunta, "nipatie ile ya alsa." Kijana hakuuliza lolote. Alichukua mkasi, akakata vidonge kumi vya omeprazoli, akavitia kwenye bahasha ya kaki. Shosho alipokwisha kulipa akageuka tena, kama mtu aliyesahau chumvi. "Na unipe zile za magoti. Zile nyekundu." Nazo zikakatwa, zikaingia bahasha ile ile.

Bahasha moja ilibeba dawa ya kutuliza kidonda pamoja na dawa ambayo huenda ndiyo iliyokichimba.

Kuanzia Maua hadi Siakago, neno alsa limebeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Kiungulia ni alsa. Gesi ni alsa. Mawe ya nyongo ni alsa, na hata moyo unaokwenda mbio kwa sababu karo haijalipwa huitwa alsa. Watu husema "nina alsa ya miaka kumi na mitano" kwa sauti ile ile wanayotaja umri wa mibuni yao. Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza, kwa kuwa vidonda vya tumbo ni ugonjwa unaopona. Mtu akiugua miaka kumi na mitano, yamkini chanzo cha kidonda chake hakijawahi kuguswa, au hana kidonda kabisa na kuna jambo jingine linalomla polepole huku akinunua vidonge kumi kumi.

Tumbo hutengeneza asidi kali sana. Tungeimwaga kwenye ngozi ingeunguza. Ili lisijiunguze lenyewe, limepakwa ndani utando wa ute mzito unaoteleza, na chini ya ute kuna seli zinazotoa chumvi ya kuizimua asidi. Ute huo ukidhoofika mahali fulani, asidi hupenya na kuchimba shimo. Shimo hilo, ambalo mara nyingi halizidi upana wa punje ya mahindi au ukucha wa kidole gumba, ndilo kidonda. Likiwa ndani ya mfuko wa tumbo, maumivu huweza kuzidi mtu akila. Likiwa kwenye utumbo wa mwanzo, pale chakula kinapotokea tumboni, maumivu huja tumbo likiwa tupu, aghalabu saa saba au nane za usiku, na hutulia akinywa uji au maziwa. Ndiyo maana wengi huamini kwamba njaa ndiyo iliyowaletea kidonda. Njaa hukiamsha kidonda kilichopo. Haikichimbi.

Kwa miaka mingi hata madaktari walilaumu asidi, mawazo mengi na pilipili. Aliyegeuza mambo ni daktari mpimaji wa nyama za mwili aitwaye Robin Warren, wa Royal Perth Hospital huko Australia. Mwaka 1979 aliona vijidudu vilivyopindapinda kwenye vipande vya matumbo ya wagonjwa. Daktari kijana, Barry Marshall, alijiunga naye wakajaribu kuviotesha maabarani, wakashindwa mara nyingi, kwa kuwa sahani zilitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya mwaka 1982 wafanyakazi walikwenda likizo, sahani zikakaa siku tano, na waliporudi walikuta vijidudu vimeota. Wenzao hawakuwaamini. Kwa hiyo mwaka 1984 Marshall alikoroga vijidudu hivyo kwenye kikombe akavinywa. Wiki haikuisha kabla hajaanza kutapika na kunuka mdomo, na alipotazamwa kwa kamera tumbo lake lilikuwa limevimba ndani na vijidudu vimetamalaki. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kijidudu hicho kinaitwa Helicobacter pylori. Huishi katikati ya asidi kwa kujitengenezea amonia inayoizimua pande zote, kama mtu anayetembea mvuani na mwavuli wake. Wengi wetu tulikipata utotoni, kabla ya kwenda shule: kwa maji machafu, kwa mikono isiyooshwa, kwa kijiko kilichopita vinywa vinne, au kwa ndizi ambayo nyanya aliitafuna kwanza ndipo akamlisha mjukuu. Simlaumu nyanya yeyote, kwa maana kule kutafuniwa ndiko kulikotukuza. Lakini nyumba yenye watu wengi, choo kibovu na maji ya mto yasiyochemshwa hukirithisha kizazi hadi kizazi. Inakadiriwa kuwa nusu ya watu duniani wanacho, na barani Afrika makadirio hufika watu saba kati ya kumi. Wengi hawataugua kamwe. Kati ya kila watu kumi wanaokibeba, ni mmoja au wawili watakaopata kidonda maishani.

Chanzo kikuu cha pili ni zile nyekundu za magoti.

Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao hupunguza uvimbe kwa kuzuia kemikali iitwayo prostaglandini. Shida ni kwamba kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoliamuru tumbo litengeneze ute wake. Ukiizuia gotini, umeizuia na tumboni. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako mama amebeba kikapu cha majani ya chai mgongoni kwa miaka thelathini, magoti na viuno haviwezi kukosa kuuma, na dawa hizi huuzwa bila cheti hata kwenye maduka ya sukari na kiberiti. Vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa viwili viwili vina aspirini ndani, ijapokuwa mnunuzi hajui. Wengine hukwepa vidonge na kuomba sindano ya diklo, wakisema "hiyo haipiti tumboni." Haipiti, lakini hufika kwa njia ya damu na kufanya kazi ile ile. Mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini, aliyewahi kuwa na kidonda, au anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, yuko hatarini zaidi. Parasetamoli haina madhara haya ya tumbo, na kwa maumivu mengi ya viungo ndiyo ya kuanza nayo. Ikilazimu mzee ameze diklofenaki, daktari humpa pamoja nayo dawa ya kupunguza asidi, kwa kipimo kidogo na kwa siku chache.

Na miraa je? Huwezi kuandika habari za tumbo Meru ukaruka Igembe, wala Embu ukaruka muguka wa Mbeere. Majani haya yamesomesha watoto na kujenga nyumba, na anayeyazungumzia kwa dharau hajui anachokisema. Lakini tumbo lina hoja yake. Miraa huondoa hamu ya kula na huchelewesha chakula kutoka tumboni, mambo ambayo yamepimwa. Tafiti za Yemen, ambako hutafunwa kila alasiri, zimekuta vidonda vingi zaidi kwa watafunaji wa kutwa. Ongeza sigara inayoandamana nayo, ambayo huzuia kidonda kupona, ongeza soda na usiku usio na chakula wala usingizi, ukamalizia na kidonge cha kichwa asubuhi. Kijana wa Laare aliye na kidonda na anayetafuna hivyo hataona nafuu hata akimezeshwa duka zima. Apumzike walau kwa muda wa matibabu, na akishindwa, ale kwanza.

Pilipili, chai ya rangi, maharagwe na githeri havichimbi kidonda. Kinachokuumiza kiache, kisichokuumiza kula. Nimewaona wagonjwa waliokatazwa maharagwe, githeri, parachichi na nyanya mpaka wakabaki na viazi vya kuchemsha na kukonda kusiko na sababu. Maziwa hutuliza kwa nusu saa, kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Maji ya kabeji na ya viazi vibichi, yanayosifiwa sana sokoni, hayaui kijidudu.

Kwa hiyo mtu apimwe. Kipimo kizuri kinachopatikana katika hospitali nyingi ni cha choo, kinachotafuta chembe za kijidudu chenyewe. Kingine ni cha pumzi, lakini hicho ni adimu. Kipimo cha damu, ambacho zahanati nyingi hukipenda kwa sababu ni rahisi na cha haraka, kinaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kijidudu. Mtu aliyepona mwaka jana bado damu yake itasema anacho, na wako waliotibiwa mara tatu kwa sababu ya kipimo hicho hicho. Kabla ya kipimo cha choo, omeprazoli iachwe wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo kijidudu hujificha na majibu yakatoka safi kwa uongo.

Kikipatikana, dawa ni mchanganyiko: ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili, aghalabu amoksisilini na klarithromaisini au metronidazoli, asubuhi na jioni kwa siku 14. Pengine daktari huongeza bismathi na kubadilisha antibayotiki. Dawa ya asidi humezwa nusu saa kabla ya kula. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma, tumbo litanguruma, na siku ya tano huenda maumivu yakawa yamekwisha. Siku ya tano ndiyo ya hatari. Hapo ndipo wengi huzigawa zilizobaki, nusu kwa mume, nusu zikawekwa kwenye kabati zikisubiri siku nyingine. Vijidudu vilivyobaki ndivyo vilivyo sugu, na awamu ijayo dawa zile zile hazitavigusa. Metronidazoli tumeitumia ovyo kwa kila tumbo la kuhara hata imepoteza makali yake. Mgonjwa amalize siku zote 14, kisha baada ya wiki nne au zaidi arudi apimwe tena kuhakikisha kijidudu kimekwisha. Hatua hii ya mwisho karibu kila mtu huiruka.

Liko jambo linalonisumbua kuliko yote. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka Helicobacter pylori katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2001 jarida la British Journal of Cancer lilichapisha hesabu ya saratani za tumbo eneo la Mlima Kenya kati ya 1991 na 1993. Zilipatikana takriban 200, mahali ambapo vitabu vilisema ugonjwa huu ni nadra. Na waliokaa karibu na hospitali zenye endoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera unaomezwa, walionekana kuugua zaidi ya waliokaa mbali. Hakuna sababu ya saratani kupenda majirani wa hospitali. Tofauti ni kwamba wa karibu walitazamwa, na wa mbali walizikwa na alsa yao.

Mtu wa chini ya miaka arobaini na mitano, asiye na dalili za hatari, anaweza kuanza kwa kipimo cha choo na dawa. Aliyepita umri huo na tumbo lake limeanza kusumbua karibuni, anayekonda bila kukusudia, anayekwamwa na chakula, anayetapika kila mara, aliyepungukiwa na damu, au ambaye ndugu yake alikufa kwa saratani ya tumbo, huyo asinunue vidonge kumi tena. Aombe kamera. Hospitali kuu za Meru na Embu ndiko pa kuanzia kuuliza. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, koo likiwa limepuliziwa dawa ya ganzi. Na anayetapika damu, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, au ambaye tumbo lake limekakamaa ghafla kama ubao kwa maumivu makali, ni wa kukimbizwa usiku huo huo, kwani kidonda kimegusa mshipa au kimetoboa ukuta.

Nilimkuta shosho kwenye benchi la stendi akipumzika, ingawa alikuwa ametembea hatua zisizofika mia. Nikamsalimu, nikaketi. Alikuwa akihema, na viganja alivyoviweka juu ya kiondo vilikuwa vyeupe kama vilivyopakwa unga.

"Shosho, samahani nikikuuliza. Choo chako kina rangi gani siku hizi?"

Alinitazama kwa muda, kisha akainamisha kichwa. "Ni cheusi, mwanangu. Kama lami. Na kinanuka vibaya."

"Unameza vidonge vya kuongeza damu?" Maana hivyo navyo hukifanya cheusi.

"Hapana. Ni hivi vya magoti tu."

"Kimeanza lini?"

"Tangu tulipomaliza kupanda maharagwe."

Maharagwe njiani yalikuwa yamekwishatoa maua. Nilimwomba ile bahasha, nikatoa zile nyekundu nikazitia mfukoni mwangu. Matatu ya kwenda Embu ilikuwa imebakiza viti viwili.