Nyota, Sayari na "Vitu Visivyotambulika": Nani Huvipa Jina?

Mwanga usiojulikana ukionekana angani usiku, mambo mawili hufanyika kwa haraka. Jicho huuona, kisha ulimi huupa jina. Jambo la kwanza tumezoea kuwaachia walimu wa fizikia. La pili ni letu sisi walimu wa lugha, na katika makala haya tunakusudia kuonyesha uzito wake katika habari za kile ambacho Waingereza hukifupisha kwa herufi tatu, UFO.

Tuanze na neno "kisahani". Tarehe 24 Juni 1947 rubani Mmarekani, Kenneth Arnold, aliripoti kuona vitu 9 vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier, katika jimbo la Washington. Alipotakiwa aeleze jinsi vilivyokwenda, alivifananisha na kisahani kinachorushwa juu ya maji kikawa kinarukaruka. Alikuwa anaeleza mwendo, si umbo. Waandishi wa magazeti walilichukua neno hilo wakalifanya jina la chombo, na haukupita muda watu wa sehemu mbalimbali wakaanza kuripoti kwamba nao wameona visahani. Kwa lugha ya sarufi tunaweza kusema kwamba kielezi cha namna kiligeuzwa nomino.

Tafsiri ya herufi hizo tatu nayo ina tatizo lake. Tafsiri tunayokutana nayo mara nyingi ni "kitu kisichotambulika kirukacho angani". Hebu tukitazame kitenzi hicho. Kauli ya kutendeka, "tambulika", huweza kubeba maana ya uwezekano, kama katika "mlango haufunguki" au "chakula hiki hakiliki". Kwa hiyo msomaji akiona "kisichotambulika" huelewa kwamba hakuna awezaye kukitambua. Neno la Kiingereza halidai hivyo. Linasema tu kwamba aliyekiona hakukitambua wakati ule. Kwa maoni yetu "ambacho hakijatambuliwa" ni tafsiri ya haki zaidi, ijapokuwa ni ndefu. Tofauti hii si ya kuchezea maneno tu. Mradi wa Jeshi la Anga la Marekani ulioitwa Blue Book, uliodumu kuanzia mwaka 1952 hadi 1969, ulikusanya taarifa 12,618, na zilizobaki bila kutambuliwa zilikuwa 701 tu. Mwanafunzi anayeandika kwamba taarifa zote hizo "hazitambuliki" amepotosha habari kwa kiambishi kimoja.

Sehemu ya taarifa za namna hii, pale na kwingineko, husababishwa na nyota zing'aazo na sayari. Anayeongoza ni Zuhura. Baada ya jua na mwezi, hakuna kitu cha kudumu angani kinachoishinda kwa mng'aro, kwa sababu mawingu yake mazito huakisi takriban robo tatu ya mwanga wa jua unaoifikia. Inapofikia kilele chake hung'aa zaidi ya mara 15 kuliko nyota iliyo angavu kuliko zote usiku, ile ambayo Waarabu huiita Shira. Huonekana magharibi baada ya jua kuchwa kwa miezi minane hivi, ikapotea kwa muda mfupi, kisha ikatokea mashariki kabla ya mapambazuko. Mzunguko huo wote huchukua siku 584. Ndiyo maana mtu asiyetazama juu mara kwa mara huapa kwamba "imetokea ghafla". Haikutokea ghafla, yeye ndiye aliyeinua macho ghafla.

Lakini mbona mashahidi husema kwamba ilitembea, ikasimama, tena ikawafuata? Hapa lazima tuwatendee haki, kwani wengi wao hawasemi uongo. Jicho likikazia nuru moja ndogo katika giza lisilo na kitu cha kulinganishia, nuru hiyo huonekana kama inayosogea, hali ni misuli ya jicho na ubongo vinavyotudanganya. Mawingu yanayopita mbele yake huifanya ionekane inakimbia upande wa pili. Ikiwa chini karibu na upeo wa macho, hewa nzito huipindapinda nuru yake ikawa inabadilika rangi: nyekundu, kijani, buluu. Na mtu akiwa garini, miti iliyo karibu hurudi nyuma ila sayari, kwa umbali wake wa mamilioni ya kilomita, hubaki pale pale dirishani, kama mwezi unavyowafuata watoto njiani.

Tarehe 17 Aprili 1966 polisi wa jimbo la Ohio, Marekani, waliufukuza mwanga kwa gari kabla ya mapambazuko umbali wa kilomita zaidi ya 130 hadi wakaingia jimbo jirani la Pennsylvania. Jeshi la Anga lilieleza kwamba waliona setilaiti kwanza, kisha Zuhura. Polisi wenyewe hawakukubali kamwe.

Kisa kinachotuhusu zaidi kama watumiaji wa lugha ni cha Ladakh, eneo la milima mirefu mpakani mwa India na China, nchi mbili zilizowahi kupigana vita mwaka 1962. Kati ya Agosti 2012 na Februari 2013 askari wa India waliandika matukio 329 ya vitu walivyovidhania kuwa ndege za upelelezi zisizo na rubani kutoka upande wa pili. Wanaastronomia walipoitwa kuchunguza, walibaini kwamba vitu hivyo vilikuwa Zuhura na Mshtarii. Mtu anaweza kucheka, lakini sisi hatuoni la kuchekesha sana. Katika mpaka wenye silaha, daftari la zamu linaloandika "ndege ya adui" badala ya "mwanga" laweza kuwagharimu watu maisha yao.

Kiswahili kina mtego wake hapa, nao umo katika ngeli. Mwanafunzi akiandika "Kilikuja, kikasimama, kikatufuata", kiambishi ki- kimekwisha kuamua kwamba pana chombo. Akiandika "Walitufuata", ameshawatia na abiria ndani yake. Mwenzake akiandika "Mwanga ulionekana upande wa magharibi, juu kidogo ya mwembe, ukabaki hapo mpaka ukazama", hajaamua lolote ambalo hakuliona. Upatanisho wa kisarufi ni sahihi katika sentensi zote tatu, lakini ushahidi si sawa. Tunapendekeza walimu wenzetu walitumie zoezi hili wanapofundisha uandishi wa ripoti: mwanafunzi atazame nuru moja kwa dakika 10 akiwa amesimama penye nguzo au pembe ya nyumba, aandike alichokiona tu, halafu arudi kesho yake saa ile ile. Kama ipo karibu na mahali pale pale, hiyo ni nyota au sayari. Msururu wa nuru nyingi zinazofuatana kwa mstari, jambo lililoanza kuonekana sana tangu Mei 2019, ni setilaiti za Starlink. Mwenye kompyuta atumie Stellarium, programu isiyolipiwa inayoonyesha anga la mahali popote kwa tarehe yoyote.

Msamiati upo wa kutosha, ingawa vijana wetu wengi hawaujui: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zuhali, majina tuliyoyapata kutoka Kiarabu. Neno "sayari" lenyewe limetokana na mzizi wenye maana ya kwenda au kusafiri, na Mwarabu wa leo akisema "sayyara" anakusudia gari. Vilevile tunacho "Kilimia", kundi la nyota lililopewa jina kutokana na kitenzi "lima", kwa kuwa wakulima walilitumia kujua majira. Katika mazungumzo ya kawaida "nyota" hubeba zote, na "nyota ya asubuhi" kwa kweli ni sayari. Kabla ya kufungua kamusi, mwalimu awaulize wanafunzi jina la hiyo nyota ya asubuhi katika lugha za kwao. Mganda ataanza na "emmunyeenye", Mnyarwanda na "inyenyeri", na wengine itawabidi wapige simu kwa nyanya zao.