Kuku wa Uani Ugenini: Boma Kwanza, Mayai Baadaye

Katika miaka ya karibuni nyumba kadhaa za jamaa zetu hapa Uingereza zimerudia kufuga kuku. Mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba ana watatu, mwenye nafasi ana kumi. Ni jambo la kupendeza. Lakini kila tunapokutana harusini au hitimani nasikia malalamiko mawili yale yale: "Mbweha kamaliza kuku wangu," na "Mayai niliyoagiza kwa posta hayakutoa hata kifaranga." Basi nimeona nilieleze jambo hili kwa utaratibu, kama somo.

Sisi tuliolelewa Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu tunawajua kuku, lakini tunawajua wa kule. Kule uani hapakosi watu. Mwewe akizunguka juu, watoto hupiga kelele, mwenye koo hukimbia na ufagio. Ngawa na kicheche wapo, lakini usiku kuku hulala jikoni au bandani karibu na wenyewe, na wakilia husikika. Huku watu wamo ndani, madirisha yamefungwa kwa baridi, na uani hakuna mtu. Kuku akilia hakuna wa kumsikia.

ADUI WA HUKU

Adui mkubwa ni mbweha mwekundu. Msidhani yuko mashambani tu. London na miji mingine mikubwa wamejaa, hulala chini ya vibanda vya bustani na hupita juu ya kuta kama paka. Hutembea zaidi alfajiri na jioni, lakini majira ya kuchipua, akiwa na watoto wa kuwalisha, huja hata mchana kweupe. Akiingia bandani hamchukui mmoja akaenda zake. Huua kila anayerukaruka mbele yake, kisha huwabeba mmoja mmoja kwenda kuwafukia.

Baada yake yuko panya, anayekula mayai na vifaranga, na kicheche mdogo wa huku ambaye hupenya tundu usilolidhania. Mwewe wa huku aghlabu hamwendei kuku mkubwa, lakini kifaranga hamwachi.

BOMA LINALOFAA

Waya mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haumzuii mbweha asiingie, kwani huukata kwa meno. Tumieni waya mgumu wa matundu ya mraba uliochomelewa, wenye tundu la milimita 13. Huo humzuia mbweha, na panya pia.

Mbweha huchimba. Kwa hiyo waya ushuke ardhini sentimita 30, au utandazwe chini kuelekea nje kama pindo la kanga, upana wa nusu mita au zaidi, ukandamizwe kwa mawe au majani yaote juu yake. Mbweha huanza kuchimba pale pale chini ya ukuta. Akikuta waya hushindwa. Na kwa kuwa anapanda, boma liezekwe. Paa hilo lina faida nyingine. Ugonjwa wa mafua ya ndege ulipoenea, wafugaji wa England waliamriwa kuwafungia kuku wao tangu tarehe 7 Novemba 2022 mpaka 18 Aprili 2023. Aliyekuwa na boma lililoezekwa hakuhangaika sana.

Mlango uwe na komeo lenye pini, si kindoano cha kusukumwa kwa pua. Chakula kisilale nje, kwani ndicho kinachomwita panya. Na mabaki ya jikoni, hata ubwabwa mweupe, msiwape: sheria ya hapa inakataza kuwalisha kuku kilichopitia jikoni.

SAA YA KUFUNGA

Hili ndilo lenye kuwaangamiza kuku wengi kuliko ubovu wa waya. Kule kwetu magharibi haibadiliki sana. Kati ya mwezi na mwezi tofauti yake haifiki saa nzima. Huku katikati ya Desemba jua la London linatua kama saa 9:50 za alasiri, na katikati ya Juni linatua kama saa 3:20 za usiku. Kuku hafuati saa ya ukutani. Giza likianza huingia kulala, na mbweha naye anajua.

Familia moja ninayoifahamu ilikuwa na kuku sita, wote wakiitwa kwa majina na watoto. Siku moja ya Desemba walikwenda harusini mji wa pili, wakasema watarudi jioni na mapema. Walirudi saa 1. Kwa hesabu ya kule ni jioni. Kwa hesabu ya huku giza lilikuwa limeshatimiza saa tatu. Boma lilikuwa zuri, waya mgumu, paa juu. Mlango ulikuwa wazi. Hakubaki hata mmoja, na yule mjukuu mdogo alikwenda kuwatafuta kwa majina yao siku mbili nzima.

Ushauri wangu ni mwepesi. Ratiba ya sala ya msikiti imetundikwa katika kila jiko letu. Itazameni safu ya magharibi: mkishasali, mtu mmoja atoke na kurunzi, awahesabu kuku kwenye kitulio chao, afunge. Mtu huyo ajulikane kwa jina. Kazi ya wote haina mwenyewe. Iko pia milango ya mashine inayojifunga kwa saa au kwa mwanga, nayo inafaa, lakini haijui kuhesabu. Kuku aliyechelewa hufungiwa nje.

MAYAI YALIYOSAFIRI

Yai linalotoka posta limetikiswa njia nzima. Ule mfuko wa hewa ulioko upande butu huweza kulegea, na ukilegea kifaranga hufa ndani. Kwa hiyo msiyatie mashineni siku ile ile. Yafungueni, tupeni yenye ufa, msiyaoshe, kisha yasimamisheni kwenye trei, ncha kali chini, yapumzike saa 24 mahali pasipo baridi kali wala joto. Hata mgeni wa mtu hapewi kazi siku anayoshuka.

Mashine yenye feni iwekwe nyuzi 37.5 za Selsiasi, nayo iwashwe siku moja kabla ili joto litulie. Mayai yageuzwe mara tatu au tano kwa siku. Siku ya 7 yatazameni gizani kwa kurunzi: lenye mishipa kama utando wa buibui lina uhai, lililo jeupe tupu liondoeni kabla halijawa viza. Siku ya 18 acheni kugeuza, ongezeni maji ili hewa iwe na unyevu, mfunge kifuniko. Siku ya 21 huanza kutoboa, na kutoka huweza kuchukua siku nzima. Msifungue kwa pupa. Aliyetoka huweza kukaa siku moja bila ya chakula, kwani kiini cha yai bado kinamlisha. Mwenye kuku anayeatamia amtumie yeye, amtilie mayai usiku.

Kwa mayai ya posta, ukipata nusu hesabu umepata. Na katika hao, karibu nusu watakuwa majogoo. Amueni mapema watakwenda wapi, maana jirani asiyelala hulalamika kwa baraza la mji.

KABLA YA KUAGIZA

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mfuga kuku wa England na Wales, hata mwenye mmoja, analazimika kujiandikisha; Scotland walianza tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Mtu asijaribu kutia mkobani mayai ya kuchi kutoka nyumbani: mayai ya kutotolea yanataka hati ya afya ya mifugo.

Wakati mzuri wa kutotoa ni Machi na Aprili, vifaranga wakue na joto. Ndio wakati ule ule mbweha anapozaa na kuwa na njaa kupita kiasi. Kwa hiyo jengeni boma wakati wa baridi, mkague waya kwa mkono pembe zote, mchague mfungaji wa mlango. Mayai yaagizeni mwisho.