MAJI KIFUANI: TUTAFUTE YANAKOTOKA

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini mkulima asiyeweza kupumua hawezi kushika jembe. Kwa hiyo leo tujifunze habari za maji kifuani.

Mapafu yamezungukwa na ngozi mbili nyembamba. Moja imeshikana na pafu. Nyingine imeshikana na mbavu kwa ndani. Kati yake kuna maji kidogo, kama vijiko vichache vya chai. Maji hayo hulainisha, ili pafu lisisuguane na mbavu. Mtu akiugua, maji huweza kuongezeka hata kufika lita moja au zaidi. Pafu hukosa nafasi ya kutanuka.

Mgonjwa huhema akitembea kidogo. Kifua humchoma akivuta pumzi au akikohoa. Wengine hushindwa kulala chali. Watu husema, "Ni kichomi tu." Mgonjwa huchanjwa chale, na wiki zinapita.

Maji yakijaa shambani, mkulima hachoti maji tu. Hufuata mfereji mpaka aone ulipobomoka. Maji ya kifuani nayo yana chanzo:

1. Kifua kikuu. Hii ni sababu kubwa katika nchi yetu. Mgonjwa hupata homa, hutoka jasho usiku na hukonda.
2. Nimonia. Maji huweza kugeuka usaha.
3. Moyo dhaifu. Mara nyingi miguu nayo huvimba.
4. Ugonjwa wa figo au ini.
5. Saratani.

Daktari hutambuaje? Kwanza hugonga kifua kwa vidole. Debe tupu hulia, debe lililojaa halilii. Kifua nacho ni hivyo hivyo. Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria, alieleza njia hii mwaka 1761. Kisha daktari husikiliza pumzi na kupiga picha ya eksirei. Halafu hutia ganzi na kuvuta maji kidogo kwa sindano, kati ya mbavu. Maji hayo hupimwa maabara.

Jihadhari na jambo moja. Kifua kikuu kikiwa kwenye ngozi hizo, kipimo cha makohozi kinaweza kisionyeshe kitu. Ukiambiwa makohozi ni safi, na bado unahema, rudi ukapimwe zaidi.

Wapo wanaoogopa sindano. Husema mtu akitolewa maji hufa. Sivyo. Kinachoua ni ugonjwa ulioachwa bila tiba. Lakini kutoa maji peke yake hakutoshi. Chanzo kisipotibiwa, maji hurudi.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa kawaida humezwa kwa miezi sita. Usiache kwa sababu umepata nafuu.

Ndugu msomaji, ukimwona jirani anahema, usingoje mavuno yaishe. Mpeleke zahanati leo. Akishindwa hata kusema kwa kukosa pumzi, mkimbizeni hospitali saa ile ile.